Romney Marsh, Norfolk, Wolds au Shropshire? Wapi uende na baiskeli Uingereza kama hutaki kusumbuana na magari

Kwanza kabisa Surrey Hills tuiweke pembeni. Najua ukiwa London ndo jina la kwanza utakalotajiwa, Box Hill iko kule, mbio za Olimpiki za 2012 zilipita pale na wanaume wakaizunguka mara tisa, na mandhari yake sibishi. Lakini wikendi pale ni foleni ya baiskeli na nyuma yake foleni ya magari yanayotaka kuzipita baiskeli, na hapa tunaongelea utulivu, yaani ile barabara ya lami ambayo unaenda nusu saa hujasikia injini mpaka unaanza kujiuliza kama umepotea. Hizo zipo Uingereza tena nyingi, sema haziko kule ambako kila mtu anakuelekeza. Cotswolds nayo hivo hivo, njia zake nyingi ndogo zimetulia ila ukisogea karibu na Bibury au Bourton-on-the-Water mwezi wa nane utajuta.

Kabla sijaanza kulinganisha niseme kitu kimoja maana ndo kitakusaidia hata ukienda sehemu ambayo sijaitaja. Barabara haiwi tulivu kwa sababu ni nyembamba, inakuwa tulivu kwa sababu haimfupishii mtu safari yake. Kale kanjia kanakokatiza katikati ya barabara mbili kubwa, hata kawe kazuri namna gani, saa moja na nusu asubuhi kanajaa watu wanaowahi kazini kwa sababu simu zao zimewaambia wakwepe foleni. Na kisheria kwenye hizi barabara za vijijini gari linaruhusiwa kwenda hadi maili 60 kwa saa, karibu kilomita 96 hizo, kama hakuna kibao kinachosema vingine, hata pale ambapo trekta na gari ndogo haviwezi kupishana bila mmoja kurudi rivasi. Kwa hiyo wembamba usikudanganye, angalia inaelekea wapi. Kama inatoka shambani inapita kanisani inaishia shamba lingine, hiyo ni yako. Na ukiona majani yameota katikati ya lami ndo umefika kabisa.

Kuna pia vile vibao vya Quiet Lane, yaani njia tulivu, vimewekewa msingi kwenye sheria ya usafiri ya mwaka 2000, na Norfolk na Kent ndo walikuwa wa mwanzo kwenye majaribio. Vinasaidia kuonyesha kwamba halmashauri inatambua watu wanatembea na kuendesha pale, ila kibao peke yake hakishushi spidi ya mtu, usijilegeze.

Ramani nzuri kwa kazi hii kwa maoni yangu bado ni ile ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, aina ya Landranger, yenye jalada la pinki, skeli ya 1:50,000. Inatenganisha barabara ndogo za njano zenye upana unaozidi mita 4 na zile za chini ya mita 4. Ukiifungua tafuta eneo lenye utando mkubwa wa hizo za njano nyembamba na barabara kubwa chache, weka kidole hapo. Ukitaka mtandaoni, cycle.travel inajitahidi sana kukukwepesha magari, kuliko programu nyingi ambazo zinakupitisha njia wanayopita waendesha baiskeli wengi, ambao mara nyingi ni wale vijana wanaotafuta spidi na hawajali kama kuna malori.

Haya, twende kwenye ulinganisho. Nimechagua sehemu nne, ya tano nitaigusa tu.

Tambarare kwa tambarare: Romney Marsh na Norfolk kaskazini

Hizi mbili nazilinganisha pamoja maana mtu anayeniuliza kuhusu moja kwa kawaida anataka kitu kile kile, hataki milima, labda ndo kwanza amenunua baiskeli au ana shemeji aliyekuja kutembea na hajaendesha toka shule.

Romney Marsh iko Kent, kona ya chini kulia ya nchi. Wale mliosoma somo la kilimo sekondari Kenya jina mnalijua tayari, ndo ile mbegu ya kondoo wa nyama na sufu mliyokariri pamoja na Corriedale, basi walikotoka ndo huku na bado wamejaa. Ni kinamasi kilichokaushwa karne na karne, sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari wakati maji yamejaa na kinachoizuia bahari ni ukuta kule Dymchurch. Barabara zake zinafuata mitaro ya maji na matuta ya zamani, kwa hiyo haziendi moja kwa moja hata siku moja, unakwenda mita mia mbili unakata kona ya mraba, unakwenda tena unakata kona, na hiyo ndo siri yake, hakuna dereva mwenye akili timamu atakayechagua njia hiyo kama ana haraka. Wenye haraka wako A259 na A2070. Hizo mbili zikwepe kama ugonjwa, hasa A259 kati ya New Romney na Rye, maana ni nyembamba na malori yanapita.

Uzuri mwingine wa Romney ni kufikika. Treni ya mwendokasi kutoka St Pancras inakufikisha Ashford kwa dakika kama 38, pale unabadilisha unapanda kale katreni kadogo ka dizeli ka kwenda Rye, unashuka Ham Street au Appledore na papo hapo uko kwenye njia za kimya. Hakuna sehemu tulivu hivi iliyo karibu na London kwa treni, mi sijaiona. Unaweza ukapita kwenye mfereji wa Royal Military Canal ambao walichimba kuanzia 1804 kwa kumuogopa Napoleon, ukaenda Fairfield ambako kuna kakanisa kamesimama peke yake katikati ya malisho, hakuna kijiji, hakuna nyumba, kondoo tu na maji, halafu ukamalizia Dungeness kwenye ule ufukwe wa kokoto wenye minara ya taa na vinu viwili vya nyuklia ambavyo vyote havizalishi tena umeme. Pa ajabu pale, sijui hata niseme ni pazuri au ni pabaya, ila hutapasahau.

Kasoro yake: ni padogo. Siku moja au mbili umeshamaliza, na hakuna mahali pa kujificha upepo wala mvua, kule Norfolk angalau una michongoma pande zote mbili.

Norfolk sasa ni nchi nzima. Watu wanasema ni bapa, si kweli sana, ukitoka Sheringham au Cromer kwenda ndani kuna vijilima vya kutosha kukutoa jasho, ila sehemu ya juu kabisa ya mkoa mzima haijafika hata mita 110, kwa hiyo hakuna mlima wa kukushusha kwenye baiskeli. Barabara kubwa ya pwani, A149, kila mtu anataka kuipita kwa sababu inapita vijiji vizuri vya baharini, na ni kosa, ni nyembamba, vijiji kama Stiffkey barabara imebanwa na kuta za mawe hakuna hata pa kukanyaga, na Agosti magari ya watalii hayana idadi. Kaa kilomita tatu nne ndani. Mvuto wa pwani unayavuta magari yote kule, ndani panabaki pako.

Mfano wa ile kanuni yangu ni kijiji cha Heydon. Barabara inaingia kijijini na haitokei upande wa pili, basi. Kwa hiyo hakuna anayepita Heydon, anayeonekana Heydon amekuja Heydon. Kuanzia stesheni ya Sheringham unaweza ukatengeneza mzunguko wa siku nzima, unapita magofu ya ngome ya Baconsthorpe (bure, hakuna geti), unafika Heydon unakunywa chai, unarudi kwa njia nyingine, na ukiacha A149 pale pale Sheringham, barabara kubwa unayovuka ni A148 tu. Au uende upande wa Walsingham, mahali pa hija tangu karne ya 11, ambako mahujaji walikuwa wanavua viatu kwenye kikanisa cha Slipper Chapel wanamalizia maili ya mwisho pekupeku. We malizia kwa baiskeli, hakuna atakayekusema.

Jambo jingine, Norfolk ina makanisa ya kale zaidi ya 600, kila kijiji lake, na mengi mchana yanakuwa wazi. Hata kama we si Mkristo, mvua ya ghafla ikikukuta utashukuru, unaingia unakaa kimya ukutani pale, unasubiri.

Ubaya wa Norfolk ni upepo na msimu wa biti-sukari. Upepo nadhani ni mbaya kuliko mlima, mlima una kilele unajua utafika, upepo wa usoni kwenye tambarare hauna mwisho na hakuna anayekupongeza. Angalia utabiri, anza safari ukikabili upepo ili urudi ukisukumwa, usifanye kinyume. Na kuanzia Septemba mpaka kama Februari wakulima wanavuna ile biti wanayotengenezea sukari huku badala ya miwa, matrela yanabeba tani na tani kwenda viwandani Cantley na Wissington na yanaacha tope jingi barabarani, likilowa linateleza vibaya sana. Majira hayo mimi Norfolk siendi.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili: una siku moja na unatoka London, Romney. Una wikendi ndefu na unataka kulala hotelini na kula vizuri, Norfolk, tena Mei au Juni kabla shule hazijafunga.

Pale miguu inapoulizwa maswali: Yorkshire Wolds na Shropshire kusini

Hapa ndo penyewe, nasema ukweli, na nashangaa Waswahili wengi tulioko huku hatupajui.

Wolds ni vilima vya mawe ya chokaa mashariki ya York, havipandi sana, sehemu ya juu kabisa ni mita 246, ila vimekatwa na mabonde makavu yasiyo na mto ambayo yana kuta za majani zimeinuka pande zote, na barabara inapita chini kabisa inajipinda nalo bonde. Maji yanazama kwenye chokaa kwa hiyo hakuna mito, pasipo mito hakuna vijiji vingi, na pasipo vijiji hakuna magari. Hesabu ni rahisi hivyo. Kijiji kizima cha Wharram Percy kilihamwa karne tano hivi zilizopita na wanaakiolojia walikichimba kila kiangazi kwa miaka 40, kuanzia 1950 hadi 1990. Mchoraji David Hockney, yule aliyezaliwa Bradford, aliacha jua la California akarudi kuchora barabara hizi hizi na miti yake, na ukipita unaelewa kwa nini.

Kuna njia rasmi yenye vibao, Yorkshire Wolds Cycle Route, kilomita 235, mzunguko, na ile Way of the Roses inayovuka nchi kutoka Morecambe hadi Bridlington (kilomita 274) nayo inapita Millington na Huggate. Ila hulazimiki. Mimi napenda kuanzia stesheni ya Malton, kupitia Birdsall ambako unapanda mteremko mmoja wa maana, kushuka Thixendale, kisha Huggate, na kumalizia Driffield ambako kuna treni. Ni kilomita arobaini na kitu, ungetegemea masaa mawili, chukua manne maana utasimama simama. A166 utaivuka mara moja, ivuke haraka na usishawishike kuifuata, ule mlima wa Garrowby ulioko juu yake ni maarufu ila malori yanakuja kasi.

Shropshire kusini ni kitu kingine, huku ni mpakani na Wales, Clun, Bishop's Castle, Craven Arms, milima ya Long Mynd (mita 516) na Stiperstones (536). Barabara zimezama chini, michongoma imepanda juu mpaka huoni pembeni, kona unaisikia kabla hujaiona, katikati kuna mchanga na majani. Utulivu wake? Kati ya hizi zote nadhani ndo inaongoza. A49 na A488 zinabeba wote wenye safari, na katikati yake mtu unakutana na gari la posta, trekta, na farasi. Farasi ukimkuta punguza, mpigie mpanda salamu kwa sauti kutoka mbali, usipige kengele, na umpe nafasi.

Ila milima sasa. Wolds inakupandisha kidogo kidogo, Shropshire inakupandisha kwa hasira. Kilomita 50 kule zinaweza kukupandisha mita 800 bila hata kutafuta, na ile barabara ya Burway inayotoka Church Stretton kupanda Long Mynd ina mahali ambapo upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande mwingine ni shimo tupu bila kizuizi chochote, ukishuka nayo hakikisha breki zako umezikagua nyumbani. Juu kuna kondoo huru na vyuma vya kuzuia mifugo vilivyolazwa barabarani, vipite ukiwa umenyoosha usukani, vikiwa vimelowa usikate kona juu yake.

Nikiweka pembeni kwa pembeni: Wolds lami yake ni safi zaidi, unaona mbali, gari likija unaliona dakika nzima kabla. Shropshire huoni kitu, na hii kwa mtu mwoga inaweza kuwa tatizo hata kama gari linapita moja kwa saa, maana hilo moja unakutana nalo konani. Kwa chakula Shropshire inaipiga Wolds mbali. Bishop's Castle kuna baa ya Three Tuns ambayo leseni yake ya kutengeneza bia ni ya 1642, kuna migahawa, Ludlow ndo usiseme, wakati Wolds unaweza ukapita vijiji vitatu hujaona hata duka la soda, maji beba ya kutosha. Kwa upepo, Wolds iko wazi, Shropshire umejificha. Kwa treni zote ziko sawa, London mpaka York ni masaa mawili na unabadilisha kwenda Malton, Shropshire unapitia Shrewsbury au Hereford, ila treni za kule nafasi za baiskeli ni chache, mbili hivi. Nikumegee na kichekesho kidogo: stesheni ya Knighton iko England na mji wenyewe uko Wales, ukishuka unatembea kidogo unavuka nchi bila pasipoti.

Ukiniambia nichague moja, kwa mtu mwenye gia nyepesi na asiyeona aibu kushuka akasukuma, Shropshire. Kwa mtu anayetoka Norfolk anataka kupiga hatua moja juu, Wolds. Sio Shropshire moja kwa moja, utaichukia baiskeli.

Northumberland naigusa tu maana ni mbali, ila ni moja ya sehemu zenye watu wachache kabisa England na njia za ndani kuzunguka Ford na Etal hazina mtu. Ukienda kisiwa cha Lindisfarne barabara inafunikwa na bahari mara mbili kwa siku. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa habari ya maji kujaa na kupwa, lakini kila mwaka kuna watu gari zao zinabaki katikati, kwa hiyo angalia ratiba ya kuvuka ambayo halmashauri inaitoa, na baiskeli yako kumbuka ni ya pole kuliko gari, ongeza muda.

Vitu vya kuamulia ambavyo watu wanasahau

Treni. Nyingi baiskeli inapanda bure, lakini za masafa marefu, kama za kampuni ya LNER au ile ya Liverpool Street kwenda Norwich, fanya bukingi ya baiskeli pamoja na tiketi. Treni za kuingia na kutoka London saa za kazi baiskeli isiyokunjwa mara nyingi haziitaki. Ukiwa na ya kukunja hauna shida popote.

Siku na saa. Jumapili asubuhi kabla ya saa nne kila sehemu niliyotaja ni tulivu, hata Surrey kwa mbali. Jumatatu za sikukuu kaa nyumbani au nenda Wolds.

Sheria zimekaa upande wako kidogo tangu Januari 2022, mwongozo wa barabarani unasema kwenye barabara tulivu endesha katikati ya njia yako uonekane, na gari likikupita chini ya maili 30 kwa saa liache mita moja na nusu, likizidi spidi hiyo liache zaidi. Wengi wanafuata. Kwenye kanjia kembamba hiyo mita na nusu haipo, kwa hiyo sogea kwenye sehemu ya kupishana, inua mkono, wapite, nao watainua mkono. Huo mkono vijijini ni lazima, usipoinua unaonekana huna adabu.

Na miiba. Wakulima hawaruhusiwi kukata michongoma kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti kwa ajili ya ndege wanaotaga, ikifika Septemba trekta zote zinatoka kwa pamoja na vipande vya miiba vinajaa barabarani, Shropshire na Norfolk ndo zinaongoza. Romney na Wolds ambako kuna majani na mitaro zaidi kuliko michongoma utapata pancha chache. Kwa hiyo vuli, kama una tairi nyembamba na hupendi kuziba pancha kwenye baridi, chagua moja ya hizo mbili, na kama ni lazima uende Shropshire weka tairi za milimita 28 au zaidi na ubebe tyubu mbili, sio moja.